Kwa Nini Oksijeni Huvutwa na Sumaku

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi katika mkutano wetu wa mwaka. Inachapishwa kwa ombi la wanachama.)



Kamati iliniomba nizungumze juu ya "Sayansi na Maisha". Kichwa hicho ni kipana mno, na mtu akikifuata chote chakula kitapoa. Nimemwomba Mwenyekiti aniruhusu nizungumzie jambo moja tu. Oksijeni, hewa hii tunayoivuta sisi, yenyewe nayo huvutwa na sumaku. Nataka tuulize ni kwa nini, maana jibu lake linagusa picha ambayo kila mmoja wetu aliichora katika daftari lake hapa shuleni, na linagusa pia uhai wetu.

Ninajua wapo wazee wenzangu humu waliokimbilia Historia na Jiografia mara tu walipopata ruhusa ya kuiacha Kemia (kicheko). Wasiwe na hofu. Nitakwenda polepole.

Tuanze na picha yenyewe. Atomi ya oksijeni ina elektroni sita katika tabaka lake la nje, nayo hupenda kuwa na nane. Basi atomi mbili zikikutana, kila moja hutoa elektroni mbili, na zile nne zikawa mali ya shirika. Mwalimu alizichora kwa nukta upande mmoja na misalaba upande wa pili, akatuambia huo ni muungano wa jozi mbili. Mwenye kuchora hivyo katika mtihani hupata alama zake zote, na ni haki yake. Picha hiyo ilitokana na kazi ya Mmarekani Gilbert Lewis, aliyeitangaza mwaka 1916, nayo ni miongoni mwa picha zilizoisaidia Kemia kuliko nyingine zozote. Maji, amonia, methani, kaboni dayoksaidi, zote hueleweka kwayo.

Sasa itazameni tena picha hiyo. Elektroni zote zimekaa wawili wawili. Hakuna hata moja iliyo peke yake. Hapo ndipo penye kesi.

Kila elektroni ina tabia ambayo wataalamu huiita spini, nayo huifanya iwe kama sumaku ndogo kabisa. Spini hiyo ina pande mbili tu, tuseme juu na chini. Elektroni mbili zikikaa pamoja kama jozi, sharti moja ielekee juu na nyingine chini, na sumaku zao zikauana. Kitu chenye jozi tupu hakivutwi na sumaku. Kwa hakika husukumwa kidogo sana, na hali hiyo huitwa diamagneti. Maji ni hivyo, mafuta ni hivyo, na naitrojeni ya hewani ni hivyo. Lakini kitu kikiwa na elektroni isiyo na mwenzake, ile sumaku yake ndogo haina wa kuiua, na kitu hicho huvutwa. Hali hiyo huitwa paramagneti. Tusiichanganye na mvuto wa chuma, ambao ni mkubwa zaidi sana na una sababu za ziada.

Kwa mujibu wa picha ya ubaoni, basi, oksijeni ingepaswa kuikimbia sumaku. Haiikimbii. Michael Faraday wa Uingereza alilijua jambo hilo kufikia mwaka 1850. Alijaza oksijeni katika mapovu ya sabuni, akaona yanaelekea kwenye ncha za sumaku yake. Mwaka 1891, mjini London, James Dewar aliimimina oksijeni iliyogeuzwa kimiminiko karibu na sumaku kubwa ya umeme, nayo ikaruka na kung'ang'ania kwenye ncha. Miaka minne baadaye Mfaransa Pierre Curie alipima na kuonyesha kwamba kadiri oksijeni inavyopoa ndivyo inavyovutwa zaidi, kwa sababu joto huzitikisa zile sumaku ndogo zisipangike upande mmoja.

Mimi nimelishuhudia jambo hili kazini. Oksijeni huwa kimiminiko ikipozwa hadi nyuzi 183 chini ya sifuri, nayo ina rangi ya buluu hafifu kama anga la asubuhi. Naitrojeni kimiminiko, isiyo na rangi, ukiimimina katikati ya ncha mbili za sumaku yenye nguvu hupita moja kwa moja kama maji yapitavyo kati ya vidole. Oksijeni ukiimimina husimama. Hujenga daraja kutoka ncha moja hadi nyingine, linaning'inia hewani likichemka, mpaka limekwisha kuwa gesi. Mtu akiona hivyo mara moja hahitaji kuambiwa mara ya pili kwamba picha ya nukta na misalaba imeacha kitu nje.

Lewis mwenyewe alilijua tatizo hilo, na alilishughulikia kwa miaka. Walioleta ufumbuzi tunaoutumia leo ni Mjerumani Friedrich Hund na Mmarekani Robert Mulliken, kuanzia mwaka 1927 hivi, na Mwingereza John Lennard-Jones, ambaye mwaka 1929 alieleza waziwazi suala la oksijeni. Mulliken alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1966 kwa kazi hiyo.

Wazo lao ni hili. Tuache kufikiri kwamba elektroni ni mali ya atomi hii au ile, au kwamba jozi fulani imefungwa kati ya atomi mbili kama kamba. Elektroni ni za molekuli nzima. Huishi katika makao ambayo huitwa obitali, na obitali hizo zimeenea juu ya molekuli yote. Hujengwaje? Elektroni ina tabia ya wimbi. Ninyi mliokulia pwani mmeona mawimbi mawili yakikutana: mgongo wa hili ukipanda juu ya mgongo wa lile, maji huinuka zaidi, mgongo ukikutana na bonde, maji hutulia. Ndivyo ilivyo kwa atomi mbili zikikaribiana. Obitali moja ya huku na moja ya kule huzaa obitali mbili za molekuli, si moja. Katika ya kwanza mawimbi yamesaidiana, elektroni hukaa zaidi katikati ya viini viwili na kuvivuta pamoja; hiyo nitaiita obitali ya kuunganisha, nayo ina nishati ndogo. Katika ya pili mawimbi yameuana pale katikati, na elektroni ikikaa humo huvifanya viini visukumane. Hiyo nitaiita obitali ya kutenganisha, nayo ina nishati kubwa zaidi.

Kisha tunazipanga elektroni kama matroni anavyowapanga wanafunzi bwenini siku ya kufungua shule. Vyumba vya chini hujazwa kwanza. Kila chumba hupokea wawili tu, nao sharti walale wakielekea pande tofauti. Pakiwa na vyumba viwili vilivyo sawasawa kabisa, kila mmoja huchukua chumba chake kabla ya mtu yeyote kukubali kubanana na mwenzake. Sheria hiyo ya mwisho hubeba jina la Hund, ingawa nadhani kila mwanafunzi wa bweni aliijua kabla yake.

Naitrojeni kwanza. Elektroni za nje za atomi zake mbili ni kumi. Nane huingia katika obitali za kuunganisha na mbili katika za kutenganisha. Toa mbili katika nane, zinabaki sita, yaani jozi tatu. Vyumba vyote vilivyotumika vimejaa wawili wawili, kwa hiyo haina mvuto wa sumaku, na muungano wake ni imara mno: kuvunja moli moja huhitaji kilojuli 945 hivi.

Oksijeni ina mbili zaidi, yaani kumi na mbili. Nane hujaza obitali za kuunganisha kama kwa naitrojeni, na mbili hujaza ile ya chini ya kutenganisha. Zile mbili za mwisho hukuta nini? Hukuta vyumba viwili vya kutenganisha vilivyo sawasawa kabisa, vyote vitupu. Basi kila elektroni huingia katika chumba chake, na zote mbili huelekea upande mmoja. Hesabuni sasa: nane za kuunganisha, nne za kutenganisha, zinabaki nne, ambazo ni jozi mbili. Muungano ni wa jozi mbili, kama alivyosema mwalimu! Lakini elektroni mbili hazina wenza, kama inavyosema sumaku. Hata ukubwa wa mvuto unaopimwa hukaribiana na ule unaotarajiwa kwa elektroni mbili pweke.

Hapa nataka nimtetee Lewis kidogo, maana vitabu vingi humwonea. Vitabu husema kwamba nadharia ya kugawana jozi ilishindwa na ya obitali za molekuli ikashinda, kana kwamba ni fainali ya mpira. Si hivyo. Mwaka 1931 Linus Pauling, aliyekuwa upande wa wenye kufikiri kwa jozi, aliieleza oksijeni kwa njia yake mwenyewe, akisema kwamba ina muungano mmoja wa kawaida na miungano miwili yenye elektroni tatu tatu. Elektroni mbili pweke zimo humo pia. Kilichoshindwa ni ule mchoro mwepesi wa daftarini. Hata hivyo nakiri kwamba njia ya Hund na Mulliken huipenda zaidi, kwa sababu hutoa jibu bila kushurutishwa, na haikomei kwa oksijeni.

Mathalani, ukiinyang'anya oksijeni elektroni moja, je, muungano wake utalegea? Mwenye picha ya jozi atasema bila shaka utalegea. Lakini elektroni inayotoka ni ya chumba cha kutenganisha. Umemtoa mgomvi nyumbani. Muungano unakaza. Umbali kati ya viini, ambao ni pikomita 121 katika oksijeni ya kawaida, hupungua hadi 112. Mwaka 1962 Neil Bartlett, akiwa Kanada, alitambua kwamba alikuwa amepata chumvi yenye oksijeni ya namna hiyo, iliyonyang'anywa elektroni na platini heksafluoridi. Akaona katika majedwali kwamba kuinyang'anya elektroni gesi ya xenoni huhitaji nguvu karibu ileile. Akajaribu, na hivyo akavunja imani ya miaka mingi kwamba gesi za aina hiyo haziungani na kitu.

Au chukueni naitrojeni monoksaidi. Elektroni zake za nje ni kumi na moja, na kumi na moja haigawanyiki kwa mbili, kwa hiyo moja hubaki pweke na gesi huvutwa na sumaku. Molekuli hiyo yenye mgeni mmoja asiye na mwenza ndiyo ambayo mwili hutumia kuilegeza mishipa ya damu. Waliogundua kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1998.

Sasa niseme kwa nini jambo hili si la wenye maabara peke yao.

Tazameni gunia la mkaa pale nyuma ya jiko la shule. Limezungukwa na oksijeni usiku na mchana, na kemia inasema wazi kwamba mkaa na oksijeni vikiungana nishati nyingi hutoka. Kwa nini basi gunia haliwaki lenyewe? Kwa nini meza hizi haziwaki, na miili yetu? Sehemu kubwa ya jibu ni zile elektroni mbili pweke. Kuni, mafuta, nyama, karibu vyote vina elektroni zilizokamilika jozi jozi, na maji na kaboni dayoksaidi vinavyotokea baada ya kuungua ni hivyohivyo. Oksijeni peke yake inakuja na elektroni mbili zinazoelekea upande mmoja. Ili iingie katika vyumba vya wengine sharti spini moja igeuzwe, na kugeuza huko si jambo la papo hapo. Kwa hiyo oksijeni hubisha hodi mlangoni, lakini haiingii upesi mpaka joto la kibiriti livunje molekuli chache na kutoa vipande vyenye elektroni pweke. Hapo mlango hufunguka, moto huanza, na joto lake huendeleza kazi. Ipo oksijeni ambayo elektroni zake mbili zimegeuzwa kuelekea pande tofauti. Ina nishati kilojuli 94 zaidi kwa moli, nayo ni kali sana kwa viumbe hai. Kama hewa yote ingekuwa ya namna hiyo tusingekuwapo hapa leo. Na miili yetu, inayohitaji kuitumia oksijeni kwa nyuzi 37 tu bila kibiriti, huifanyia kazi kwa vimeng'enya vyenye chuma au shaba, metali ambazo zina elektroni pweke za kwao na hujua namna ya kuipokea.

Nisiwadanganye vijana wakadhani kwamba oksijeni ni mpole. Mkaa uliolowekwa katika oksijeni kimiminiko huonekana umetulia, lakini cheche moja ikiugusa hulipuka; Mjerumani Carl von Linde alitengeneza baruti ya migodini kwa njia hiyo mnamo mwaka 1895. Lita moja ya kimiminiko hicho hutoa zaidi ya lita 800 za gesi. Hiyo si kazi ya chama cha wanafunzi.

Jambo la pili ni la hospitali. Mwaka 1940 jeshi la Marekani lilihitaji chombo cha kupima oksijeni ndani ya nyambizi. Pauling niliyemtaja alitengeneza kimoja kutokana na ukweli huu tunaouzungumza. Kilikuwa na vitufe viwili vya kioo vyenye uwazi ndani, vimeunganishwa na kuning'inizwa kwa uzi mwembamba kati ya ncha za sumaku. Oksijeni ikiingia huvutwa kwenye sumaku na kuvisukuma vitufe kando. Kioo kidogo cha kujitazamia kilichobandikwa hapo hugeuka, na mwanga unaoakisiwa huhama kwenye kipimo. Gesi nyingine karibu zote hazikisumbui, kwa kuwa hazina elektroni pweke.

Miaka hiyohiyo, katika hospitali za nchi tajiri, watoto njiti waliowekwa katika mashine za kuwatunza walikuwa wanapofuka, maelfu kwa maelfu, na madaktari hawakujua sababu. Mwaka 1951 Daktari Kate Campbell wa Melbourne, Australia, alionyesha kwamba kosa lilikuwa ni wema uliopita kiasi: walipewa oksijeni nyingi mno. Utafiti uliofanywa katika hospitali nyingi za Marekani mwaka 1953 na 1954 ulithibitisha. Tangu hapo haikutosha kufungua bomba na kusema mtoto anapata hewa. Ilibidi kupima, na chombo cha Pauling kilikuwa miongoni mwa vilivyotumika kupimia. Tatizo lenyewe halijaisha duniani, maana kumpunguzia mtoto oksijeni kupita kiasi nako huua. Katika vyumba vya upasuaji vya leo zimo mashine za kupimia hewa ya mgonjwa zinazofanya kazi kwa kanuni ileile ya sumaku.

Na damu? Mwaka 1936 Pauling na Charles Coryell waligundua kwamba damu iliyokwisha kutoa oksijeni huvutwa na sumaku, lakini ile iliyobeba oksijeni haivutwi. Hapa wengi hujikwaa, wakidhani ingekuwa kinyume. Oksijeni ikishikwa na chuma cha damu, elektroni pweke za pande zote mbili hupangana upya na sumaku zikauana. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyomwezesha Seiji Ogawa, mwaka 1990, kuonyesha namna ya kuona kwa mashine ya MRI sehemu ya ubongo inayofanya kazi, bila kumchanja mtu.

Ndugu Mwenyekiti, naona saa. Nina neno moja kwa vijana wa Chama cha Kemia, walioniuliza jana kama jambo hili linaweza kuonekana hapa shuleni bila oksijeni kimiminiko. Linaweza, kwa njia ya Faraday. Oksijeni mnaitengeneza kila mwaka kwa haidrojeni peroksaidi na manganizi dayoksaidi. Ipitisheni kwenye maji kwanza, kisha ijazeni katika mapovu madogo ya sabuni, yakae juu ya sahani iliyoloweshwa maji ya sabuni ili yateleze. Fungeni madirisha, maana upepo mdogo tu utaharibu kazi. Sogezeni sumaku yenye nguvu taratibu, bila kugusa, na mtazame povu linavyojongea. Kisha fanyeni vilevile kwa povu la hewa ya kawaida, ili mjue kwamba si mikono yenu iliyolisukuma. Na unga wa manganizi uwekeni mbali, kwa sababu nao huvutwa.

Sumaku inayofaa ni ile ya neodimi. Darasa letu limenunua mbili, na asubuhi ya leo nimezikabidhi kwa mwalimu wa maabara. Zisiwekwe karibu na saa wala simu, na asiachiwe mtu kuzishika zote mbili kwa pamoja, kwa sababu zikikutana zitambana vidole.